Siku moja na mawingu ya Mwanza

Novemba hapa Mwanza ni mwezi wa mavundevunde. Harusi na pasipoti saizi ndizo zinazolipa kodi ya studio yangu ya picha. Mawingu hununuliwa na hoteli na wachapaji wa kalenda, tena kwa kusuasua.

Saa 11 alfajiri niko juu ya mawe ya Capri Point, rasi ya mjini hapa inayoingia ziwani, stendi ya kamera imeshakazwa. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko Ziwa Victoria, basi upepo hutoka pwani zote kuelekea majini. Ukikutana huko, hewa yenye joto na unyevu hupanda na radi huzaliwa. Ndiyo maana anayeamka saa 2 hukuta mabaki. Ng'ambo ya ghuba, upande wa magharibi, umeme unapiga. Nahesabu tangu mwanga hadi ngurumo: kila sekunde 3 ni kama kilomita moja. Leo nafika 40. Zikipungua hadi 30 nakusanya vyombo na kushuka. Hakuna picha ya kumfanya mtu asimame juu ya mwamba radi ikimjia.

Karibu saa 12 na nusu jua linachomoza nyuma yangu na kupiga vilele vya mawingu. Hapo sina haraka ila na kitu kimoja: weupe. Napima mwanga kwa sehemu ya wingu inayong'aa zaidi na kuacha ziwa liwe jeusi. Giza utalinyanyua baadaye, lakini weupe ulioungua haurudi. Napiga faili ghafi (RAW), zile zinazobaki na kila kilichonaswa na kamera kabla ya kuchakatwa. Kamera yangu huhifadhi biti 14, yaani ngazi 16,384 za mwanga kwa kila rangi, wakati JPEG ya kawaida, faili la picha lililobanwa, ina 256. Kwenye kijivu cha wingu, ngazi hizo ndizo mali yenyewe.

Saa 3 hadi saa 7: pasipoti, pasipoti, mtoto analia, pasipoti.

Saa 8 mchana nafungua Lightroom, programu ya kuhariri picha. Naanza na joto la rangi, yaani picha ielekee buluu au manjano kiasi gani, kwa sababu programu ikiachiwa ijipangie yenyewe hulifanya wingu la mvua liwe kahawia, utadhani vumbi la barabarani. Kisha nashusha weupe, nanyanyua giza kidogo, kidogo kweli. Kile kitelezi cha kuondoa utusitusi ndicho kinachoharibu picha nyingi ninazoziona mitandaoni: ukikivuta sana, buluu inajaa chenga na vilima vinazungukwa na mstari mweupe. Mimi huchora eneo la wingu peke yake, nikaongeza kontrasti humo ndani, vilima nikaviacha. Uzuri wa wingu uko kwenye kivuli chake. Ukimulika kila kona unabaki na pamba.

Picha nyingine naigeuza nyeusi na nyeupe, nashusha mwanga wa buluu, anga linakolea na wingu linajitokeza. Wapiga picha wa zamani walifanya hivyo kwa kichujio chekundu mbele ya lenzi. Mpiga picha Mmarekani Ansel Adams alikitumia mwaka 1927 kwa jabali la Half Dome huko Yosemite, Marekani, na anga likatoka karibu jeusi.

Saa 10 anaingia meneja wa hoteli na picha yake ya mitumbwi, ya jioni, anga tupu.

"Dada, hapa niwekee lile wingu la jana. Si kuna kitufe?"

Kitufe kipo, programu ya picha ya Photoshop inacho tangu 2020. "Bosi, lile wingu lilikuwa mashariki, jua linalipiga usoni. Mitumbwi yako iko magharibi, jua liko nyuma yake. Nikiviunganisha utakuwa na majua mawili."

"Nani ataona?"

"Mvuvi yeyote wa soko la samaki la Mwaloni."

Akacheka, lakini akakubali kusubiri picha nyingine.

Mchana upepo hugeuka na kuvuma kutoka ziwani, kwa hiyo jioni mawingu makubwa husimama nchi kavu. Saa 11 na nusu napanda kilima kutazama mashariki: limejengeka moja, kichwa bapa, waridi juu na zambarau chini. Nalipiga kwa lenzi ndefu hadi rangi inakatika.

Saa 3 usiku namtumia meneja picha mbili za asubuhi, magharibi kwelikweli. Amechagua moja. Anataka nembo ya hoteli iwekwe juu kushoto, palepale lilipo wingu.