Kompyuta ya kuacha Unguja, mwenyewe ukiwa ughaibuni

Kompyuta ndogo ya kuhifadhia picha za familia, hati za nyumba na kanda za maulidi ni zawadi nzuri ya kupeleka nyumbani. Taabu ni kwamba mwenye kuijua anapanda ndege kurudi London au Muscat, na chombo kinabaki na watu wenye shughuli zao. Kikizima, lawama hupewa intaneti. Kinachoiua aghalabu ni umeme, kisha unyevu wa chumvi. Pesa ziende huko kabla ya kufikiria kasi ya prosesa.

Raspberry Pi 4, kompyuta ya bodi moja, yenye memori ya GB 2 inatosha kabisa. Pi 5, iliyotoka Oktoba 2023, ina mbio zaidi, lakini chaja yake rasmi ni ya volti 5 na ampea 5, na ikifa Makunduchi au Wete kupata mwenzake si kazi ya siku moja. Pi 4 inaridhika na ampea 3. Walioko Uingereza na Oman plagi yao ndiyo hiyo hiyo ya Zanzibar. Walioko Marekani na Kanada wasome maandishi madogo ya chaja: iliyoandikwa 100-240V inataka kubadilishiwa miguu tu, ya 120V peke yake itaungua.

Umeme wa Unguja unapita chini ya bahari kutoka bara, na waliokuwapo tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010 hawajasahau ile miezi mitatu ya giza. Pemba iliungwa na Tanga mwaka 2010, ikaachana na kutegemea jenereta za dizeli. Lakini kwa kompyuta, giza refu si tatizo kubwa. Kibaya ni umeme kuondoka dakika mbili, kurudi kwa kishindo, kuondoka tena. Kila mkato unaweza kuikuta memori kadi katikati ya kuandika, na faili moja la mfumo likiharibika haiwaki tena.

Kabla hata ya betri, tazama waya. Pi hulalamika volti zikishuka chini ya 4.63. Waya wa USB wa bei rahisi wenye shaba ya AWG 28 (kipimo cha unene, namba kubwa ni waya mwembamba) una ukinzani wa omu 0.21 hivi kwa mita, na mkondo unakwenda na kurudi, kwa hiyo mita moja ni omu 0.43. Ikivuta ampea 2, volti 0.85 zinapotea njiani: chaja inatoa 5.1, kinachofika ni 4.25. Waya wa AWG 20 wa urefu ule ule unapoteza 0.13 tu. Andika amri vcgencmd get_throttled. Ikijibu 0x0, salama. Ikijibu 0x50000, volti zimewahi kushuka na kasi imewahi kupunguzwa tangu ilipowashwa, hata kama saa hii inaonekana nzima.

Pi na ruta ya laini ya simu kwa pamoja hula wati 15 hivi. UPS (kasha la betri ya akiba) ya kawaida ya dukani hugeuza volti 12 za betri kuwa 230, kisha chaja zinazishusha tena, na nguvu nyingi inapotelea humo. Tena betri yake ya risasi haipendi joto: kila nyuzi 10 juu ya 25, umri wake hupungua kwa karibu nusu. Afadhali betri ya LiFePO4, aina ya lithiamu, ya volti 12.8, Ah 7 (ampea-saa). Hiyo ni Wh 89.6 (wati-saa), na baada ya kupoteza asilimia 15 katika kugeuza unapata kama saa tano. Nimechagua Ah 7 kwa makusudi: betri isiyozidi Wh 100 inaruhusiwa kwenye mkoba wa mkononi, ncha zake zikizibwa kwa tepu, na kamwe isitiwe kwenye sanduku la kupakiwa chini. Ya Ah 12 inavuka mpaka huo na lazima uombe ruhusa ya shirika la ndege.

Wengi hukosea hapa: betri hiyo ikichajiwa hufika volti 14.6, na ikikaribia kuisha hushuka hadi 11 na kitu. Ruta ya volti 12 usiiunge moja kwa moja. Ipe kidhibiti kinachopandisha na kushusha volti, na Pi ipewe kidhibiti chake cha kushusha kilichowekwa kwenye volti 5.1, ukipime kwa mita kabla ya kuunganisha chochote. Fyuzi ya ampea 3 ikae karibu kabisa na ncha chanya ya betri.

Kwenye hifadhi, picha zikae kwenye SSD (diski isiyo na sehemu inayozunguka) ya USB, na memori kadi ibaki ya kuwashia tu. Kuna adapta za SSD zinazoganda ganda bila sababu inayoonekana. Amri ya lsusb ikionyesha 152d:0578, namba ya utambulisho ya adapta, ongeza usb-storage.quirks=152d:0578:u kwenye mstari uliopo wa faili la cmdline.txt, bila kuanza mstari mpya. Kasi itapungua kidogo, kuganda kutakwisha.

Sasa chumvi. Chumvi huanza kuvuta maji hewani unyevu ukifika kama asilimia 75, na alfajiri za Mji Mkongwe huzidi hapo mara nyingi. Vumbi la chumvi lililotua juu ya bodi linageuka maji yanayopitisha umeme, shaba inaota kutu ya kijani. Feni ndiyo inayovuta vumbi hilo ndani, kwa hiyo chukua kasha la alumini lisilo na feni, lenye kugusana na prosesa kwa pedi ya joto. Pi 4 huanza kujipunguza kasi kwenye nyuzi 80, na kwa kazi ya kuhifadhi picha haifiki huko. Unaweza kupulizia bodi rangi angavu ya akriliki ya kukinga elektroniki, ila ziba kwanza kila tundu kwa tepu, maana rangi ikiingia kwenye tundu la USB basi tena. Sehemu ya kuiweka ni juu ya kabati, ndani ndani, mbali na dirisha linalopokea upepo wa bahari. Sisimizi nao hupenda makasha yenye joto. Matundu yasiyotumika yafungwe.

Halafu kuna jambo la kuifikia kutoka mbali na la saa yake, ambalo huwapotezea watu siku nzima. Laini za simu kwa kawaida hazikupi anwani yako mwenyewe ya intaneti, kwa hiyo huwezi kubisha hodi kutoka nje. Pi ndiyo ianze mazungumzo, kwa WireGuard, programu ya kufungua njia ya siri ndani ya intaneti, kuelekea ruta yako ya huko uliko au seva ya kukodi, na uiwekee PersistentKeepalive = 25 ili njia isifungwe. Ping (salamu ya kujaribu njia) ikipita lakini kurasa zikakwama, shusha MTU, yaani ukubwa wa kifurushi kimoja, hadi 1280. Lakini Pi 4 haina betri ya saa. Umeme ukirudi huamka na saa ya nyuma, na WireGuard hukataa salamu yenye muda uliokwisha kupita, ikidhani ni mtu anayerudia ujumbe wa zamani. Ukiwa umeipangia kusahihisha saa kupitia njia hiyo hiyo, ndiyo imekwama: njia haifunguki bila saa, saa haiji bila njia. Tia moduli ya saa ya DS3231 yenye betri yake, iunge kwenye volti 3.3, andika dtoverlay=i2c-rtc,ds3231 kwenye config.txt.

Bakapu iende usiku, kwa rsync, programu ya kunakili faili, yenye --partial ili ikikatika iendelee ilipoishia, na --bwlimit=500 ili wanaoangalia tamthilia wasinung'unike. Saa nane ya usiku kwenye cron, inayoanzisha kazi kwa ratiba, ni 2, kwa sababu cron haijajifunza saa ya Kiswahili. Hakikisha eneo la saa ni Africa/Dar_es_Salaam. Ukiacha la London, kazi itaanza saa kumi au kumi na moja, watu wanapoamka kwa alfajiri.

Bandika karatasi juu ya kasha: "Usizime. Taa nyekundu ikizimika zimika, waya au chaja ni mbovu." Na kabla ya kufunga sanduku la safari, ing'oe na kuichomeka mara 20, kwa vipindi visivyolingana. Isiporudi hewani yenyewe kila mara, usisafiri nayo.

Vipimajoto vya DS18B20 huuzwa kwa pakiti. Kimoja kiende na kasha kupima joto lake, kingine kibaki jikoni huku baridini kwa mkate wa kumimina. Mafuta ya nazi huganda chini ya nyuzi 24, ndiyo maana uji wa mchele na tui kwenye jiko la nyuzi 17 unakuwa na chembe chembe na hamira inalala. Vikombe viwili vya mchele uliolowekwa usiku, kikombe kimoja na nusu cha tui zito lililopashwa vuguvugu, kimoja cha sukari, kijiko cha chai cha hamira, iliki, ute wa yai moja. Saga hadi ulainike kabisa. Weka bakuli ndani ya oveni iliyowashwa taa tu, kipimajoto chenye bomba la chuma ndani ya uji, na kipande cha ukinzani (resistor) cha kilo-omu 4.7 kati ya waya wa data na volti 3.3. Lenga nyuzi 30 hadi 32 mpaka uumuke mara mbili.

Kabla ya kuoka, kitoe kipimajoto hicho. Mwisho wake ni nyuzi 125, na plastiki ya waya wake huyeyuka. Ndani ya oveni tumia kipimo cha aina ya K, cha waya wa metali mbili, chenye chipu ya kukisoma ya MAX6675. Sufuria ipashwe kwanza na mafuta, la sivyo mkate unashika chini. Nyuzi 180 kwa dakika 35 hivi, kisha moto wa juu dakika tatu kushika nafasi ya makaa ya juu ya mfuniko. Katikati ikisoma 96, epua.