Binti wa dawati la nyuma

Neno la Jumanne bado limenikaa kooni. Wiki yenyewe imejaa: wathibiti ubora wamekuja na kuondoka, barua ya posa ya binti yetu imepokelewa, baba watoto yuko Dodoma. Lakini nikilala, ninachosikia ni sauti ya yule kijana wetu wa chuo aliyekuja kwa mazoezi ya ualimu, mlangoni mwa Darasa la Sita.

"Mama, lete nikushikie. Hivi ni vitu vya vijana."

Akanyoosha mkono achukue kishikwambi (tableti) nilichoshika, watoto wote wanatazama.

"Asante mwanangu, kaa tu."

Akakaa, akatabasamu. Hakuwa na nia mbaya, kila asubuhi hunipokea mkoba. Ila kishikwambi kile ninacho tangu serikali ilipotugawia walimu vile vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022. Nakichaji nyumbani, napakua video kwa bando langu la usiku, maana darasani kwetu umeme hakuna. Na mimi mwenyewe nilisoma kwa redio! Mwalimu wetu aliiweka mezani, tukasikiliza vipindi vya shule vya Radio Tanzania, kisha akaizima na kutuuliza maswali. Kazi ni ile ile, kujua pa kusimamisha na cha kuuliza. Hapo ujana unaingiaje? Ningemwambia hivyo. "Vitu vya vijana." Mbele ya wanafunzi wangu.

Somo lilikuwa volkano. Mchoro ulikuwa ubaoni tayari, nikapitisha kishikwambi kikundi kwa kikundi wamwone Oldoinyo Lengai akitapika. Lava nyeusi, nyepesi kama oili chafu. "Mwalimu, mbona si nyekundu?" Swali zuri kweli! Lava ile ina kaboneti ya sodiamu kwa wingi, na joto lake ni kama nyuzi 500 hadi 600 tu, wakati lava za kawaida nyingi hufika 1,000 na zaidi. Ndiyo maana mchana haing'ai. Ikipata unyevu, inageuka nyeupe. Hakuna volkano nyingine hai duniani inayotoa lava ya namna hiyo, nayo iko hapa kwetu.

Kikafika kikundi cha mwisho, kwa yule binti mkimya niliyewaandikia mwezi uliopita, anayenakili kila kitu kutoka kwa jirani yake. Akaweka vidole viwili kwenye picha, akaivuta ikawa kubwa, akainama mpaka pua karibu iguse kioo. Kisha akasoma maelezo yote ya chini kwa sauti, bila kukwama popote. Taarifa zake tangu Darasa la Nne zinasema hajui kusoma. Mtoto anasoma! Ni ubao ndio haoni.

Nimemhamishia dawati la mbele, na mama yake amekubali kumpeleka kliniki ya macho Jumatatu. Nimefurahi mno, natamani Jumatatu ifike.

Mama kule kijijini simu yake haipatikani tangu juzi, na jirani yake naye hapokei. Mvua huko zimekuwa kubwa. Alfajiri nitampigia mjomba, akishindwa kwenda kumwona nitaomba ruhusa niende mwenyewe.