Jeshi likihamia Ikulu, mpakani atabaki nani?

Kahawani karibu na stesheni ya Tabora vijana wamenizoea. "Shikamoo Mwalimu. Sisi tunasema wanajeshi wachukue nchi, nidhamu irudi." Wameona mapinduzi ya kijeshi ya Mali, Burkina Faso na Niger kwenye simu. Marahaba naitikia, hoja siipokei.

Mji huu umeshayaonja. Januari 20, 1964 askari wa Tanganyika Rifles, jeshi letu la wakati huo, waliasi kambini Colito, Dar es Salaam. Kesho yake batalioni ya hapa Tabora nayo ikaasi. Walitaka nyongeza ya mshahara na maofisa Waingereza waondoke. Madai hayo siyabezi hata kidogo: uhuru tulipata 1961, lakini aliyetoa amri gwarideni alikuwa bado Mwingereza. Ila Nyerere, kwa aibu kubwa, alilazimika kuomba askari haohao wa Uingereza waje kuwazima wa kwake. Jeshi likavunjwa. Septemba 1 mwaka huohuo ikazaliwa JWTZ, Jeshi la Wananchi wa Tanzania, chini ya Mrisho Sarakikya, wengi wakichukuliwa kutoka Umoja wa Vijana wa TANU, chama tawala.

Uganda ilikwenda njia nyingine. Januari 25, 1971 Idi Amin, mkuu wa jeshi, alimpindua Rais Obote, na maofisa wakageuka watawala. Askari wa Kiacholi na Kilango waliuawa kambini. Cheo kikafuata ukaribu na mkubwa. Ofisa wa jeshi kama hilo analala akimhofia mwenzake wa chumba cha pili, adui wa mpakani anamfikiria baadaye. Mwaka 1978 wanajeshi wa Amin waliivamia Kagera, upande wetu wa mpaka, wakapora mpaka ng'ombe. Sisi mwanzoni tulizidiwa, tusidanganyane. Lakini amri ya Nyerere ilipotoka, viongozi wa serikali mikoani walikusanya mgambo, na jeshi letu la watu wasiofika 40,000 likavuka 100,000. Kampala ilianguka Aprili 11, 1979.

"Si JWTZ hiyo ilikuwa jeshi la chama, Mwalimu?" akadakia dereva wa bodaboda. Kweli, na hapo alinibana. Kutii chama si kutii raia wote, na mambo yalikaa hivyo mpaka vyama vingi viliporudi 1992. Leo ibara ya 147 ya Katiba inamkataza mwanajeshi kujiunga na chama chochote. Amebakiwa na kura yake tu. Bajeti ya ulinzi nayo hupita bungeni kila mwaka, na hapo kahawani sijamsikia hata mmoja akiuliza mbunge wetu alisema nini siku hiyo.