Chumvi Iliyojificha Jikoni kwa Mama

Tangu mama aanze kuhudhuria kliniki ya presha, mimi ndiye msomaji wa pakiti nyumbani kwetu. Daktari alimwambia apunguze chumvi, naye akatii: sufuriani akawa anatia chembe tu, na kibakuli cha chumvi kikaondoka mezani. Presha ikabaki palepale. Ndipo nikalifungua kabati la jikoni, nikaanza kugeuza kopo moja baada ya jingine.

Kilichonishtua ni kidonge cha supu. Mbele kina picha ya kuku, kitunguu na majani ya giligilani. Nyuma, kwenye orodha ya viambato, neno la kwanza ni chumvi. Kuku mwenyewe nilimkuta mwishoni, jirani na rangi. Na orodha hiyo haipangwi ovyo. Kanuni za Codex, yaani kanuni za kimataifa za chakula ambazo viwango vya nchi nyingi vimejengwa juu yake, zinataka viambato vitajwe kwa uzito, kilicho kingi kikitangulia. Kwa hiyo mama alikuwa akiizuia chumvi mlangoni, nayo inaingia kwa dirishani kila anapopika mchuzi.

Siku hizi naanza na viambato vitatu vya kwanza. Vikiwa ni chumvi, sukari na mafuta, narudisha rafuni, hata mbele pawe pameandikwa "asilia" kwa herufi za kijani. Maneno ya mbele yamewekwa ili tununue. Ninachokitafuta kipo nyuma, kwa herufi ndogo ambazo mama hazioni hata akivaa miwani.

Kisha lipo jedwali la virutubisho. Mara nyingi halitaji chumvi, linataja sodiamu, madini yaliyomo ndani ya chumvi, kwa miligramu, na hapo wengi tunapotea. Hesabu yake ni hii: zidisha sodiamu kwa 2.5, upate chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani takriban kijiko kimoja cha chai, na hizo ni miligramu 2,000 za sodiamu. Pakiti moja ya tambi za kuchemsha haraka niliyoishika dukani ilikuwa na miligramu 1,600. Hiyo ni chumvi gramu 4 katika bakuli moja, mtu hajala ugali wala mboga.

Tena angalieni kipimo. Jedwali la biskuti huweza kuhesabu vipande viwili tu wakati pakiti ina kumi na zaidi, na mtoto haachi kitu. Mimi nalinganisha kwa gramu 100 kila inapowezekana. Waingereza wana mpaka ninaoupenda kwa wepesi wake: chumvi ikizidi gramu 1.5 katika gramu 100 za chakula ni nyingi, isipozidi 0.3 ni kidogo. Kwa mpaka huo nimeachana na soseji, na hata mkate nauchagua, maana chumvi yake ulimi hauisikii.

Sukari nayo hugawanywa majina. Utaona sukari, mbele kidogo sharubati ya glukosi, kisha dekstrosi, kisha maltodekstrini. Kila moja ikitajwa peke yake, hakuna inayoonekana nyingi, lakini zote zinaishia kupandisha sukari mwilini. Kwa watoto wa dada yangu natazama jambo moja tu: kama chupa imeandikwa juisi au "kinywaji chenye ladha ya embe". Hicho cha pili naweza kukuta ni maji, sukari na embe la kuhesabu.

Kuhusu zile namba za E, zinazotambulisha viongezwa kama rangi na vihifadhi, naomba tusitishane. Zinasambazwa orodha kwenye simu zikidai kila E ni sumu, na si kweli. E300 ni vitamini C. E330 ni asidi ya sitriki, ileile iliyomo kwenye ndimu. E102, rangi ya njano, hiyo naiepusha na watoto, kwa sababu Umoja wa Ulaya umelazimisha chakula chenye rangi hiyo kibebe onyo kwamba inaweza kuathiri utulivu na umakini wao.

Mama dawa zake anaendelea nazo kama kawaida, lebo si tiba. Mchuzi sasa anautia kitunguu saumu, tangawizi, ndimu na tui. Ng'onda, samaki wetu wa chumvi asiye na lebo yoyote, anamloweka usiku kucha na kumwaga maji. Hilo alilijua kabla yangu.

Linaloniuma ni kwamba anahitaji mtoto wa kumsomea. Chile, tangu 2016, chakula kilichozidi sukari, chumvi, mafuta mabaya au kalori hubandikwa mbele alama nyeusi ya pembe nane, na Mexico wakafuata 2020. Alama hiyo haihitaji miwani wala hesabu ya kuzidisha. Naitaka kwenye rafu zetu, tena kwa Kiswahili: CHUMVI NYINGI, kwa herufi kubwa, palepale ilipo picha ya kuku.