Siku Yangu Kama Mtu wa Nyuma Msituni

Saa 11:00 alfajiri napakia mkoba: bandeji, kamba, tochi, sukari na chumvi za kuchanganya na maji, koti la mvua la ziada. Saa 12:00 niko katikati ya jiji la Nairobi, karibu na jengo la Archives, nasubiri wateja. Nikimwambia mtu natembeza watu msituni, ananijibu, "Kumbe unalipwa kujivinjari!" Kazi yangu ni kutembea wa mwisho. Kiongozi yuko mbele, mimi niko nyuma, na haruhusiwi mtu kubaki nyuma yangu.

Basi lilipaswa kuondoka saa 12:30. Tuliondoka saa 1:20, kwa sababu mteja mmoja alituambia kwa dakika 40 nzima kwamba yuko kwenye mzunguko wa Globe, hapo karibu. Alipofika alikuwa amevaa raba zenye soli laini kabisa, ingawa ujumbe wetu ulitaja buti mara mbili.

Waiyaki Way, Limuru, Kimende. Saa 3:00 tuko Msitu wa Kereita, kusini mwa milima ya Aberdare. Ada ya Huduma ya Misitu ikalipwa, askari wa msitu akajiunga nasi kwa sababu huku kuna ndovu, nikahesabu watu: 26. Njia yetu ni ya mzunguko, unashuka hadi kwenye maporomoko ya maji kisha unapanda kupitia kwenye mianzi. Kushuka hakukuwa na shida. Pale maporomokoni watu walipiga picha wakasahau baridi, nami nikawaambia ninalowaambia wote: mabwawa ya Sasumua na Ndakaini, yanayoinywesha Nairobi, yanajazwa na mito ya milima hii hii. Msitu huu ukiisha, mifereji ya mtaani kwako itakauka.

Kisha tukaanza kupanda, na mvua ikaanza.

Yule wa raba aliketi kwenye matope kabla hatujafika hata nusu. "Kijana, niitie bodaboda." Nikamwambia, "Mkubwa, huku hakuna bodaboda, tuko mimi na wewe." Akauliza kwa nini hatukusema kuna mlima. Misuli ya mguu ikamkaza. Nikamnyoosha, nikampa maji ya chumvi na sukari. Tukaendelea hatua kumi, tukapumzika, hatua kumi tena. Kanyaga kwa ubavu wa kiatu. Usishike mwanzi uliooza, utakuangusha. Huo upande wa kulia ni mmea wa thabai, utakuwasha hadi usiku. Redioni kiongozi akasema wenzetu wamefika, wana njaa, na kuna wanaotaka basi liondoke. Nikamjibu basi halisogei.

Sijui ilikuwa saa ngapi alipoacha kulalamika. Mtu anayenilalamikia hanitishi. Ninayemwogopa ni aliyenyamaza huku amelowa, kwa sababu baridi ikimwingia mtu humwondolea hamu ya kusema. Nikamvisha koti la ziada, nikamwuliza majina ya watoto wake, shule wanazosoma, nani mkubwa. Nikarudia maswali yale yale hadi akanifokea, "Si nimeshakuambia!" Moyo wangu ukatulia. Sikumruhusu kuketi tena, maana aliyelowa akiketi sana hainuki kirahisi, na giza la msituni huingia mapema kuliko la barabarani.

Tulitoka jioni. Wengine walinuna, wawili wakampisha yule wa raba kiti cha mbele. Nikahesabu: 26. Tukasimama Soko Mjinga, watu wakanunua viazi na kabeji. Kufika mjini ilikuwa saa 2:00 usiku imepita, na magoti yangu yalikuwa yanawaka moto.

Malipo yangu ni ya siku, na saa za ziada hazihesabiwi. Bima sina. Lakini tangu nianze kazi hii hakuna mteja wangu aliyelala msituni, na jambo hilo najivunia waziwazi. Ukija kutembea nasi, vaa buti, fika saa 12:00, na ukichoka niambie mapema, ungali na nguvu za kuniambia.