Bei ya siku yangu moja

Jana jioni ujumbe wa benki umenikuta kituoni Mwenge. Malipo ya kazi yangu ya kwanza kama mshauri mwelekezi yameingia, baada ya kukatwa kodi ya zuio ya asilimia 5. Nimeusoma mara tatu, daladala ya Tegeta ikajaa na kuondoka nimesimama palepale.

Miaka tisa nilikuwa mtu wa ufuatiliaji na tathmini kwenye mradi wa afya uliofadhiliwa na Marekani. Januari 2025, Trump alipoapishwa tu, misaada ikasimamishwa. Tuliambiwa ni siku 90 za mapitio, tukazihesabu. Hazijaisha, mimi nikawa nimesharudisha kompyuta na kitambulisho.

Zikafuata barua za maombi. Kila nafasi tuligombea wale wale, maana miradi mingi ilifungwa kwa mpigo. Nimeitwa kwenye usaili mara tatu, basi. Lakini kilichonimaliza zaidi ni sentensi niliyokuwa naiweka mwishoni mwa kila barua: "Nipo tayari kupokea mshahara wowote kwa mujibu wa taratibu za ofisi." Niliiandika mpaka ikaniingia. Nikaamini kweli kwamba mimi ni mtu wa chochote.

Ndipo dada mmoja tuliyefanya naye kazi zamani akapiga. Shirika lao dogo lilihitaji mtu wa tathmini ya awali, vijiji vinne vya Kilombero, siku 15. Hadidu za rejea, yaani maelezo ya kazi yenyewe, angezituma. "Sasa dada, kwa siku unatoza shilingi ngapi?"

Sikuwa na jibu. Nikamwomba anipe hadi kesho.

Usiku nikafungua daftari. Mshahara wa zamani wa mwezi nikaugawa kwa siku 22 za kazi, nikapata tarakimu iliyoonekana ya heshima. Nikampigia shangazi, fundi cherehani wa miaka mingi, nimsomee. Akaniuliza, "Na siku ambazo huna mteja, mwanangu, nani anakulipa? Mimi gauni moja linabeba mpaka ile Jumanne niliyokaa bure." Nikarudi kwenye daftari. Nikaongeza bima ya afya, mchango wa uzeeni wa NSSF, bando, siku za kuandika ripoti, siku za kusubiri. Ilikaribia mara mbili ya ile ya kwanza. Mkono ulitetemeka nilipoituma.

Walikubali. Wakaomba TIN, namba ya mlipakodi, na yangu ilikuwa isiyo ya biashara, niliichukua enzi hizo kwa ajili ya leseni ya udereva. Nikaenda TRA, mamlaka ya mapato, kuibadilisha na kufanyiwa makadirio ya kodi, jina la biashara nikasajili BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kwa mtandao.

Kilombero nilikwenda mwenyewe. Zamani takwimu zilinifikia ofisini zimeshasafishwa. Safari hii nilikaa kwenye kigoda, kishikwambi mapajani, mama mmoja akipepeta mpunga huku ananijibu. Swali la umbali wa zahanati alilijibu kwa kilomita, kisha akasimamisha ungo: "Ila masika uandike mbali, maana mto unajaa." Dodoso halikuwa na nafasi ya jibu hilo. Nimelitengea ukurasa mzima kwenye ripoti.

Leo asubuhi amepiga mtu mwingine, kazi ya siku nane Dodoma. Nimemtajia bei yangu kabla hajauliza, nikanyamaza. Kimya kilikuwa kirefu, lakini sikuongeza neno.

"Sawa," akasema. "Tuletee andiko lako kabla ya Ijumaa."