Jiwe la Askari Aliyefia Nyumbani

Askari wa Uingereza aliyeuawa Ufaransa mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, mwili wake ukapatikana na kutambuliwa, aliwekewa jiwe la kaburi bila jamaa zake kuliomba. Mwenzake aliyeunguzwa mapafu na gesi ya sumu, akaachishwa jeshi na kufia kitandani kwake mwaka 1919, alizikwa na ndugu zake, na kama hawakuwa na uwezo, kaburi lilibaki bila alama. Huyu wa pili ndiye ambaye vitukuu wake wangali wanamtafutia jiwe, nami naona wanadai haki, si hisani.

Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, iliyoundwa mwaka 1917, inakubali madai ya namna hii. Aliyefariki akiwa bado jeshini haulizwi chanzo cha kifo. Aliyekwisha kuachishwa lazima ithibitishwe kwamba kifo chake kilisababishwa na utumishi wa vita, au kwamba utumishi huo ulimzidishia maradhi.

Ugumu wote uko katika uthibitisho huo. Daktari aliyejaza cheti cha kifo mwaka 1920 aliandika alichokiona: kifua kikuu, kichomi, moyo kushindwa kufanya kazi. Gesi hakuitaja. Kwa hiyo familia inalazimika kukioanisha cheti hicho na hati za kuachishwa jeshi, ambazo mara nyingi hazipo, kwa kuwa sehemu kubwa ya majalada ya askari wa Uingereza wa vita hivyo iliteketea kwa mabomu jijini London mwezi Septemba 1940. Ningemshauri yeyote anayeanza leo atafute kwanza kumbukumbu za pensheni, maana humo ndimo wakaguzi walimoandika kiwango cha ulemavu na iwapo ulitokana na vita.

Halafu kuna tarehe ya ukomo. Kwa Vita Kuu ya Kwanza ni 31 Agosti 1921, na kwa ile ya Pili ni 31 Desemba 1947. Aliyefariki Septemba Mosi 1921 kwa jeraha lile lile hahesabiwi. Naelewa kwamba tume inahitaji mpaka, lakini jeraha halikuufahamu mpaka huo, na mjane aliyemuuguza mumewe miaka minne hakupata nafuu yoyote kwa sababu ya kalenda.

Wapo pia wasioweza kuleta karatasi yoyote. Wapagazi wa Afrika Mashariki, waliobeba mizigo ya jeshi la Uingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, walikufa kwa maelfu, wengi kwa maradhi na uchovu wa safari, na wengi wao hawakuandikwa majina penye kumbukumbu yoyote. Ripoti ya tume yenyewe ya mwaka 2021 ilikiri kwamba palikuwa na ubaguzi katika kuwakumbuka wafu kama hao, na tume ikaomba radhi. Kuzidai familia zao cheti cha kifo ni kuwaadhibu mara ya pili kwa kosa la walioshika kalamu, na hapo naamini mzigo wa kutafuta ushahidi ni wa tume, si wa wajukuu.